Peni Moja, Damu Tele

Mwanagenzi wa London enzi ya Malkia Victoria alishinda kwa fundi wake toka alfajiri, na jioni akibahatika mfukoni mna peni moja. Atanunua nini cha kusoma? Tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na wenye adabu zao.

6. *Self-Help*, 1859. Jitume, weka akiba, utafika. Samuel Smiles alikianza kwa mihadhara mbele ya vijana wa Leeds, na mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 20,000. Waajiri walikisifu sana. Hapo ndipo pa kushtuka.

5. *The Boy's Own Paper*, 1879. Jumuiya ya kidini ilikitoa ili kuwaokoa wavulana na hadithi za damu. Iliona mbali: wali mkavu haupiti kooni, ikaumwagia mchuzi wa kandanda na mabaharia.

4. Dickens wa magendo. *The Pickwick Papers* ilitoka kila mwezi kwa shilingi, yaani peni 12. Mchapishaji Edward Lloyd akatoa *The Penny Pickwick*. Wachapishaji wa Dickens walimshtaki, wakarudi mikono mitupu. Halafu bwana huyo akaleta *Oliver Twiss*. Ndiyo, kabadilisha herufi moja.

3. Jack Sheppard. Mwanagenzi wa seremala, mwizi, mtoro wa gereza la Newgate, aliyenyongwa 1724. Mwandishi Ainsworth alipomwandikia riwaya mwaka 1839, wazee wakalia kwamba vijana wataiga. Wataiga nini, useremala?

2. *Varney the Vampire*, 1845 hadi 1847, sura zaidi ya 200. Vijarida vya peni vilitoka kila wiki, na ukurasa ukijaa, hadithi ilikatwa hata katikati ya sentensi. Usiyekuwa na peni ulichanga na wenzako. Usiyejua kusoma ulisomewa. Varney alifyonza shingo, Lloyd, mchapishaji wake, akafyonza mifuko.

1. *The String of Pearls*, 1846. Hapa ndipo alipozaliwa Sweeney Todd, kinyozi wa Fleet Street: mteja anakaa kitini, anatumbukia chini, kesho yuko ndani ya pai. Lakini mnayemsahau ni Tobias Ragg, mwanagenzi wake, mtoto anayeng'amua kwamba fundi ni muuaji. Todd anamfungia katika nyumba ya vichaa ili asiseme. Sasa fikiria unayasoma hayo usiku, na fundi wako anakoroma chumba cha pili.

Todd alinyongwa. Tobias akabaki hai.