Bunduki ya Mwarobaini

Wewe mwenzangu mwenye mtoto wa sekondari unajua: msimu wa mahafali ukiingia, nyumba si yako tena. Kwetu hapa Makutupora, tangu mwalimu wa fasihi atangaze kwamba mahafali ya kidato cha nne yatapambwa na tamthilia ya Kinjeketile, sebule imekuwa ghala la silaha. Mikuki imesimama nyuma ya kochi, mishale imelala juu ya friji, na ngao za maboksi zimeegemezwa kwenye mlango wa choo. Ukibanwa usiku, huna budi kuhamisha jeshi zima la Wamatumbi kwanza.

Neema, binti yetu, kapewa nafasi ya Bibi Kitunda. Anahitaji khanga na kilemba tu. Lakini mwalimu alipouliza ni mzazi gani atatengeneza silaha, Neema alinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. "Baba ataweza," akasema. Aliporudi nyumbani akanipa taarifa hiyo huku anakula, nami nikaitika. Ungefanya nini?

Nasema tu ukweli, tamthilia yenyewe naipenda. Ebrahim Hussein aliiandika ikatoka mwaka 1969, na kila nikiisoma nawakumbuka wale Wamatumbi na watu wengine wa kusini walioinuka dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1905, wakiamini maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe yatazigeuza risasi. Wajerumani walimnyonga mapema tu, Agosti ya mwaka huohuo, na vita vya Majimaji vikaendelea bila yeye hadi 1907. Vijana wakiigiza jambo kubwa namna hiyo wanastahili mikuki ya heshima, si vijiti vya kukokea moto.

Hapo ndipo alipoingia Fundi Mkuu. Huyo ni Baraka, mdogo wake Neema, ana miaka 12 na hakuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho hajakifungua akabakiza skrubu. Ukimpa kazi haulizi vifaa vitatoka wapi. Alitazama huku na huku, akaona shamba la bibi yake.

Bibi Zabibu, mama mkwe wangu, tumempa jina hilo kwa sababu ukimsalimia shikamoo anakuitikia marahaba kisha anakuhadithia habari za mizabibu yake hadi jua linazama. Analima ile zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora yetu, na mavuno ya pili ya mwaka huangukia Agosti na Septemba, yaani mle mle kwenye mahafali. Matawi yanakuwa mazito, nyaya zimekaza, kila nguzo ina kazi yake. Fundi Mkuu alizing'oa nguzo nyembamba za pembeni, zile zilizonyooka vizuri, akaondoka nazo begani kuelekea Majimaji. Mstari mzima wa mizabibu ukalala chini na vichala vyake. Mama Neema alitumia jioni hiyo kumtuliza mama yake, mimi nikafunga matawi kwa kamba za katani.

Mikuki ilitoka vizuri, lakini bunduki ndiyo iliyotutia mashakani. Fundi alichonga kitako kwa mti wa mwarobaini, akakilainisha kwa msasa, akakipaka kiwi cha viatu cha kahawia mpaka kikang'aa. Mtutu ni kipande cha bomba kilichobaki tulipoingiza maji ndani, amekipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kufuli la nyuma ni komeo la dirisha: ukilivuta linalia *kacha*, ukilisukuma linalia tena. Mkanda ni wa begi langu la zamani. Ukiiweka mezani, mkono wako wenyewe unasita kuigusa.

Sasa kumbuka tunaishi wapi. Hapa pana kambi ya JKT, kikosi cha 834, na alfajiri tunaamshwa na nyimbo za vijana wa mujibu wa sheria wakikimbia mchakamchaka. Watoto wa mtaa huu wanaijua bunduki ilivyo. Mtu akiona mtutu kichakani hatafikiri kwamba ni mchezo wa kuigiza.

Na baba mkwe naye akaongeza lake. Yeye tunamwita Mzee Mkuki, kwa sababu ule wa babu yake unaning'inia ukutani kwake tangu nimwoe binti yake. Alipoona mikuki ya Fundi ina ncha za godoro zilizovikwa karatasi ya fedha, alikasirika. Akaleta wake, chuma kitupu, umenolewa. "Mgogo haigizi na godoro," akasema. "Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais wa nchi anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, Meya upinde na mshale. Mbele ya watu wote!"

"Baba," mke wangu akamjibu kwa adabu, "Rais hapandi nao daladala."

Mkuki ukarudi ukutani. Mzee hakuongea na mtu hadi chai ya jioni.

Yaliyotufikisha mahali pa kufikiri sawasawa yalitokea siku ya mazoezi. Mama Neema alikuwa kwenye kikao cha vikoba, kwa hiyo upakiaji ukaangukia mikononi mwa shemeji yangu, Mjomba Bajaji. Mjomba hakubaliani na neno "haitoshi". Mikuki aliilaza kukingama ndani ya bajaji, ikatokeza huku na huku kama miiba ya nungunungu. Bunduki akaiweka miguuni mwa Fundi, ndani ya kiroba cha unga, mtutu nje. Wakashika barabara ya Arusha kuelekea mjini.

Walifika stendi ya Veyula. Bodaboda aliyetaka kuwapita nusura achomwe ubavuni, akayumba, akaingia vumbini. Mjomba akasimama kuomba radhi, watu wakasogea, na mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya akakiona kiroba. Akapiga kelele. Unajua kelele za stendi zinavyosambaa: mtu wa mwisho kusikia hana habari ya tamthilia, amesikia tu "wana bunduki". Wanaume wakaokota mawe. Fundi Mkuu, kwa nia njema kabisa, akaitoa bunduki ili awaonyeshe kwamba ni ya mti, na akavuta komeo ili waone halina risasi. *Kacha.* Kila mtu akalala chini.

Askari wa usalama barabarani ndiye aliyewaokoa. Hakupiga kelele. Alimwambia Baraka, "Mwanangu, weka chini taratibu, rudi nyuma, mikono nikiiona." Alipoishika akaipima uzito, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akanipigia simu. "Mzee," akaniambia, "mwanao ana mkono mzuri sana. Ndiyo maana nimeogopa."

Usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa nakumbuka habari ya Tamir Rice, mtoto wa Cleveland kule Marekani. Novemba 2014 alikuwa akicheza bustanini na bastola ya kuchezea. Bastola kama hizo kule hutakiwa kuwa na ncha ya rangi ya chungwa, lakini ya kwake ilikuwa imetoka. Polisi walifika na hazikupita sekunde nyingi wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 12, sawa na Baraka. Hata bila kwenda mbali, Kiteto ni majirani zetu hapa, na mapema mwaka huohuo wa 2014 wakulima na wafugaji waliuana kule. Mtu aliyepoteza ndugu kwa mkuki, akiuona mkuki dirishani mwa basi, haangalii kama ncha ni ya godoro.

Mama Neema alipanga mambo upya, na nyumba hii akipanga yeye, sisi wengine tunabeba. Aliamuru bunduki ifunguliwe: kitako huku, bomba kule, komeo mfukoni mwake yeye. Fundi alilalamika kwamba alikuwa ameligundisha kwa gundi ya seremala, akapewa msumeno. Vyote vikalazwa katikati ya mkeka pamoja na mikuki, mkeka ukaviringishwa, ukafungwa kamba sehemu tatu, ncha zikatazama ndani. Ukiuona unasema watu wanakwenda msibani au harusini. Alitaka mtutu upakwe rangi ya chungwa, Fundi akaapa kwamba Wajerumani hawakuwa na bunduki za namna hiyo. Wakaafikiana: soksi ya rangi ya chungwa juu ya mtutu, inavuliwa nyuma ya pazia tu na inavalishwa kabla mtu hajashuka jukwaani.

Mishale aliikata vichwa vyote baada ya mmoja kumpata jogoo wa jirani karibu na jicho. Pinde zikabaki, waigizaji wavute nyuzi, watazamaji wamalizie wenyewe akilini.

Na kwenye mavazi hakutaka mchezo. Mjomba Bajaji alijua mahali pa kupata suruali za mabakabaka za bei rahisi kwa ajili ya askari wa Mjerumani. Mke wangu alimkumbusha kwamba Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare zake na nguo zinazofanana nazo, na kwamba kuzivaa ni kosa la jinai hata kama unacheka. Askari wa Kijerumani wakashonewa magunia ya kaki, na kofia za maboksi. Walipendeza.

Ikabaki barua. Mkuu wa shule aliiandika, ikapigwa muhuri, ikataja kila silaha ya bandia, siku, njia na namba yake ya simu. Nakala moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwa yule askari wa Veyula. Ya tatu ilikaa mfukoni mwangu, na mtu mzima mmoja tu, yaani mimi, ndiye aliyeruhusiwa kuugusa mkeka njiani. Konda wa daladala aliuliza kuna nini ndani. Nikamwambia yote, nikamwonyesha barua. Akasema, "Basi mzee kaa nyuma, nauli ya mkeka shilingi mia tano." Nikalipa.

Mahafali yalikuwa mazuri ajabu. Neema alilia jukwaani machozi ya kweli, na mlio wa lile komeo uliwafanya wazazi wa safu ya mbele wainame. Kiza kilipoingia mke wangu akakataa turudi na mkeka usiku, mwalimu akaufungia stoo.

Asubuhi, kabla sijavaa viatu, Bibi Zabibu alikuwa mlangoni na ndoo za kuvunia. "Baba Neema, nguzo zangu."

Nikaenda kutafuta ile barua. Ilikuwa na tarehe ya jana. Mama Neema akaichukua simu, akampigia mkuu wa shule kuomba nyingine.