Mhadhara Maalumu Kuhusu Waume Saba

Mabibi na mabwana, kaeni. Mlio mlangoni sogeeni mbele. Anayezungumza ndiye bingwa wa ndoa za Hollywood, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya wenye vyeo kuchelewa.

Riwaya ni *The Seven Husbands of Evelyn Hugo*, aliyoitoa Taylor Jenkins Reid, Mmarekani, mwaka 2017. Evelyn, nyota mstaafu wa miaka 79, anamwita mwandishi kijana, Monique Grant, amsimulie yote bila kuficha. Tazameni jedwali langu la manila; na wewe kijana, hiyo kona inabanduka, ishikilie.

Mume wa kwanza, Ernie Diaz, alikuwa nauli tu: binti wa Kikuba kutoka Hell's Kitchen, New York, alifika naye California. Wa pili, Don Adler, mwigizaji mwenzake, alimpiga. Wa tatu, mwimbaji Mick Riva, alimwoa Las Vegas, na ndoa ikafutwa kabla wali wa harusi haujapoa. Na Rex North walioana ili filamu yao iuze. Harry Cameron, prodyuza na msiri wake, alipenda wanaume. Huyo ndiye aliyezaa naye. Max Girard, mwongozaji Mfaransa, alioa sura ya kwenye bango. Wa saba ni Robert Jamison, kaka yake Celia.

Hapa nina shauri na mwandishi. Huyu Celia St. James, mwigizaji wa kike, jina la kitabu halimtaji, ila kila ukifunua yumo! Evelyn anaolewa na Riva ili wambea wa magazeti wawasahau yeye na Celia. Anaolewa na Robert ili akaishi na Celia Uhispania. Wananuniana miaka, wanaandikiana barua, wanarudiana. Kurasa hizo nilizirukaruka, maana urafiki wa akina mama si fani yangu.

Kisha Monique anamuuliza kipenzi cha maisha yake alikuwa nani kati ya wote. Bibi anamtaja Celia! Uzee huo, jamani. Eti anajutia miaka aliyopoteza akimficha. Mtu hakukuoa, unamficha nini?

Sasa maswali. Dada uliyenyoosha mkono tangu mume wa tatu, kama ni habari za Celia, ushushe tu. Kwenye jedwali hayumo.