Barua ya wazi kwa kamati za kupandisha vyeo: jinsi ya kuchagua jarida lisilosomwa na mtu

Kwa: Wenyeviti na wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo vya wanataaluma, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki

Yah: Utaratibu wa kuchagua jarida la kuchapishia utafiti

Jarida la kitaaluma ni chapisho la mfululizo linalotoa matokeo ya utafiti baada ya wataalamu wengine wa fani hiyohiyo kuyapitia. Jarida kongwe la sayansi ambalo lingali linatoka hadi leo, Philosophical Transactions, lilianzishwa London mwaka 1665 na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, ili alichokigundua mmoja kiwafikie wenzake wote. Lengo hilo, yaani kusomwa, limepitwa na wakati. Chini ya mfumo unaosimamiwa na kamati tukufu, jarida ni mahali pa kuchumia alama, na alama hizo hutoka sawasawa, makala iwe imesomwa na watu elfu au haikusomwa hata na mhariri aliyeipokea. Ufuatao ndio utaratibu wa mtafiti mtiifu, anayechagua jarida kwa kuzingatia fomu ya kuombea cheo na si kitu kingine.

Hatua ya kwanza ni jina. Fomu inapotenganisha majarida ya ndani na ya kimataifa, na kuyapa ya kimataifa alama zaidi, mtafiti mtiifu hutafuta jina lililobeba dunia nzima. Ofisi ya jarida iko wapi, hilo halimhusu. Likijiita la Marekani au la Ulaya linatosha, hata kama anwani yake ni sanduku la posta na simu yake haijapata kupokelewa. Kwa kipimo hicho, makala ya isimu iliyoandikwa kwa Kiswahili na kutolewa katika jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya macho ya watu wenye fani yao, ni ya ndani. Makala hiyohiyo ikigeuzwa kuwa Kiingereza cha kuungaunga na kutundikwa kwenye tovuti isiyofunguliwa na mwanaisimu yeyote, imekwisha kuwa ya kimataifa.

Hatua ya pili ni ISSN. Namba hiyo ya tarakimu 8 hulitambulisha chapisho la mfululizo kama kibao cha namba kinavyolitambulisha gari: haisemi lolote kuhusu dereva. Jarida la fizikia hupewa, na gazeti la mapishi hupewa. Hata hivyo fomu ina safu ya ISSN na haina safu ya kuuliza makala inasema nini, na mtafiti mtiifu hujaza safu zilizopo.

Hatua ya tatu ni kasi. Hapa mtafiti hahitaji kutafuta, kwa kuwa mwaliko humfuata mwenyewe kwa baruapepe. Daktari wa mifugo huitwa Profesa Mtukufu, husifiwa kwa makala ya mbolea ambayo hakuiandika, kisha huombwa achangie toleo maalumu la upasuaji wa meno kabla ya Ijumaa. Makala ikitumwa Jumatatu, barua ya kukubaliwa hufika Jumatano, ina mhuri wa buluu na ripoti ya mpitiaji yenye mistari miwili: kazi ni nzuri sana, sarufi iangaliwe kidogo. Ankara ya malipo huwa imeambatishwa. Jarida makini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wapitiaji wake huwa na tabia mbaya ya kuuliza sampuli ilipatikanaje.

Ubora wa soko hili umekwisha kupimwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma matoleo ya makala moja ya uongo kwa majarida huria (yasomwayo bure) 304 yanayowatoza waandishi ada. Ilihusu kemikali ya kutibu saratani, ilijaa makosa ya wazi, na ilibeba majina ya waandishi wa kubuni kutoka vyuo vya Afrika visivyokuwepo. Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa. Mwaka 2014 jarida moja lilikubali makala ya wanasayansi wawili wa kompyuta, David Mazières na Eddie Kohler, iliyokuwa sentensi moja ya matusi iliyorudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiomba baruapepe za mialiko zikome. Mwaka 2017 watafiti wa Poland walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyomwombea kazi ya uhariri msomi asiyekuwepo, ambaye herufi ya katikati ya jina lake ikiunganishwa na jina la ukoo hutoa neno la Kipolandi lenye maana ya tapeli. Kati ya majarida 360 yaliyoandikiwa, 48 yalimpa kazi.

Mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver aliyaita majarida ya namna hii ya kiwindaji, akaweka orodha yake hadharani hadi alipoiondoa Januari 2017. Machi 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada, Marekani, iliiamuru kampuni ya uchapishaji ya OMICS kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti kuhusu mapitio ya makala na ada zake. Kwa kawaida lawama humwendea mwindaji, na anastahili. Ila hakuna anayetega mtego mahali pasipopita mnyama, na njia hii imefyekwa na kamati.

Hatua ya nne ni kipimo cha athari. Hupatikana kwa kuchukua idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, na kuigawanya kwa idadi ya makala hizo. Eugene Garfield na Irving Sher walikibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yao ya nukuu, na baadaye Garfield mwenyewe alionya kisitumiwe kumpima mtafiti mmojammoja. Onyo hilo limepokelewa kwa heshima na kuwekwa kabatini. Nature iliwahi kukiri kwamba asilimia 89 ya kipimo chake cha mwaka 2004 ilitokana na asilimia 25 tu ya makala zake. Zilizobaki zilipanda lifti ya wenzao. Fani nazo hazilingani. Jarida la saratani linaloitwa CA, ambalo hutoa takwimu za ugonjwa huo zinazonukuliwa na karibu kila mtu, limewahi kupita 500, ilhali Annals of Mathematics, ambalo mwanahisabati yeyote angefurahi kuchapishwa humo, halifiki 10. Mtafiti asiyefika hata huko hana haja ya kukata tamaa: zipo kampuni zinazoliuzia jarida lolote kipimo cha kujitungia, chenye desimali tatu.

Hatua hizi zikishazingatiwa, inafaa kuangalia nini kingetokea kama kamati ingekuwepo zamani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, aliwahi nafasi ndani ya friza kwa kuweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado moto, akaona unaganda kabla ya uliopoa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kwa nini iwe hivyo, naye akalijaribu jambo hilo maabara. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la Uingereza lililolengwa kwa walimu wa fizikia. Hadi leo maabara za nchi mbalimbali zinabishana kuhusu jambo hilo, linaloitwa athari ya Mpemba. Kamati ingerudisha fomu: jarida ni la walimu, mwandishi wa kwanza hana shahada, na kichwa cha makala kina neno moja tu.

Upo pia utaratibu mwingine, wa kizamani, unaotajwa hapa kwa ajili ya kumbukumbu. Mtafiti huanza kwa kujiuliza nani anahitaji kuyajua matokeo yake, kisha hutazama orodha ya marejeo yake mwenyewe: majarida yanayojirudia humo ndiyo yanayobeba mjadala anaotaka kuuingia. Husoma maelezo ya upeo wa jarida na matoleo yake ya karibuni. Huhakikisha kwamba wahariri ni watu halisi na wanajua kuwa majina yao yamo. Kwa jarida huria hupekua DOAJ, saraka iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Kwa majarida ya bara hili hupitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Huuliza ada kabla ya kutuma, si baada. Kuwa na ada si dalili ya utapeli: mwaka 2020 Nature ilitangaza euro 9,500 kwa makala moja huria, na wachapishaji wengi wakubwa hupunguza au kufuta ada kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini wakiombwa mapema. Hatimaye hutuma makala kwa jarida moja kwa wakati mmoja, na husubiri.

Utaratibu huo una kasoro moja, nayo ni kwamba mara nyingi humfikisha mtafiti wa samaki wa Ziwa Victoria kwenye jarida linalosomwa Mwanza na Kisumu, ambako matokeo yake yangeweza kutumika, akapata alama chache kuliko jirani yake wa ofisini aliyelipia ankara ya Jumatano.

Dawa ya kasoro hiyo inajulikana. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotolewa mwaka 2013, linataka kazi ya mtafiti ipimwe kwa yaliyomo, si kwa jina la jarida lililoibeba. Kamati inaweza kumtaka mwombaji alete makala zake bora chache badala ya orodha ndefu, aeleze kila moja imeongeza nini, kisha wajumbe wazisome. Kipengele cha mwisho ndicho kizito. Kusoma huchukua muda mrefu kuliko kujumlisha safu ya namba, na humlazimu mjumbe kusema kwa kinywa chake kwamba kazi hii ni nzuri na ile ni mbovu, bila kujificha nyuma ya desimali. Kamati ikiona mzigo huo ni mkubwa, basi iwe wazi: iruhusu waombaji waambatishe risiti za malipo peke yake, na miti inayokatwa kwa ajili ya makala ipumzike.

Nakala: Wahariri wa majarida ya ndani, kwa taarifa.