Kuaga kwa Kelele, Kurudi kwa Mlango wa Uani

Hakuna anayeaga kwa kirefu kama mtu asiyekwenda popote. Januari 2021, WhatsApp ilipowatangazia watumiaji wake kwamba ifikapo tarehe 8 Februari wawe wamekubali masharti mapya au waache kuitumia, makundi kuanzia Mombasa hadi Mbeya yalijaa hotuba za kuaga. “Ndugu wanakamati, kwa heshima na taadhima, kuanzia Jumatatu mtanipata Signal.” Hotuba yenyewe ilikuja na vile vimishale viwili vinavyoonyesha kwamba imeshasambazwa mara nyingi, maana hata hasira watu hawakuitunga wenyewe; waliipokea kundi la waliosoma pamoja, wakaipeleka kundi la ukoo. Wito wa kuikimbia WhatsApp ulienea kwa WhatsApp, na sioni chombo kingine ambacho kingeweza kuufikisha.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu, ila ilichelewa basi. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, na tangu 2016 masharti yaliiruhusu kupelekewa taarifa za watumiaji, namba za simu zikiwemo. Masharti mapya yalihusu zaidi mazungumzo ya wateja na biashara. Soga za shangazi na mpwa zilibaki zimefungwa kwa ufunguo uleule. Kwa hiyo aliyewaka Januari 2021 alikuwa kama mpangaji anayegundua mwaka wa tano kwamba mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba, tena amegundua kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe ameleta barua. Simlaumu. Masharti nani huyasoma? Kidole gumba hukubali kabla jicho halijafika aya ya pili. Ninachotaka kutetea ni jambo jingine. Wale walioaga kwa mbwembwe kisha wakarudi kimyakimya wamechekwa sana, wameitwa vigeugeu, na wamechekwa kwa kosa ambalo silo. Kurudi kwao kulikuwa na akili. Walikosea mapema zaidi, pale walipodhani kwamba mtandao ni nyumba, na kuhama ni kukunja mkeka wako na kwenda.

Tazama walikokwenda. Tarehe 7 Januari tajiri Elon Musk aliandika maneno mawili tu, akiwaambia watu watumie Signal, programu nyingine ya ujumbe. Wakajiunga kwa mkupuo hata namba za uthibitisho zikachelewa, na wiki iliyofuata mitambo ikazidiwa, Signal ikazimika. Wawekezaji nao, kwa pupa, wakavamia hisa za Signal Advance, kampuni ndogo ya Texas isiyohusiana kabisa na programu hiyo, zikapanda kutoka chini ya dola 1 hadi zaidi ya dola 30 kwa siku chache. (Kama yupo aliyewahi kupanda basi la Tanga akashukia Tunduma, apate faraja.) Hata waliofika mahali sahihi hawakufika mbali: Brian Acton, mmoja wa waasisi wawili wa WhatsApp, ndiye aliyetoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi ya Signal mwaka 2018. Umemkimbia mwenye nyumba, umekwenda kupanga kwa yule aliyemuuzia. Na ndani kulikuwa kweupe. Signal ina desturi ya kukutaarifu kila mtu uliyehifadhi namba yake anapojiunga, basi mgeni alipokelewa na orodha ambayo hakuna mwanadamu angeipanga kwa hiari: fundi friji, dalali wa viwanja, mtalaka. Mazungumzo ya wiki ya kwanza yalikuwa ya aina moja. “Umefika?” “Nimefika.” “Nani mwingine yupo?” “Wewe.” Baada ya hapo mmoja alirudi WhatsApp kumuuliza mwenzake kama ameuona ujumbe aliomtumia kule.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jengo la Machinga Complex pale Karume, Ilala, lilijengwa ili kuwatoa wachuuzi juani: paa, ghorofa, vizimba vilivyopimwa. Kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu huku mitumba ikiuzwa kwenye maturubai kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na paa, ila mteja hapandi ngazi kutafuta soksi. Signal ilikuwa Machinga Complex ya simu: safi, salama, haina matangazo, haina mteja. Fikiria kamati ya harusi yenye wajumbe 60. Ili ihame, lazima wahame wote siku moja, pamoja na mjomba wa Sumbawanga ambaye simu yake haina nafasi ya picha hata moja, na bibi aliyewekewa WhatsApp na mjukuu ambaye sasa yuko bweni. Wakihama 59, aliyebaki atakuwa mweka hazina. Kwake ndiko ziliko ahadi, na majina ya waliolipa, na ya wale walioandika “nitakamilisha mwisho wa mwezi” bila kutaja mwezi. Mwenye msimamo akijitoa, kinachoonekana ni mstari mdogo wa kijivu unaosema ameondoka, na wajumbe wote wanasoma hapo jambo moja tu: huyu anakwepa mchango.

Tarakimu nazo zinacheka. Katika siku zile za hasira, Telegram, mpinzani mwingine wa WhatsApp, ilitangaza kupata watumiaji wapya milioni 25 kwa saa 72. Ni wengi. Lakini tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya mitambo, na Telegram ikatangaza kupata milioni 70 siku hiyo moja. Yaani faragha, pamoja na tarumbeta ya tajiri, iliwahamisha kwa siku tatu watu wasiofika nusu ya waliohamishwa na hitilafu ya jioni moja. Mwanadamu akikosa faragha huandika waraka, akikosa pa kuuliza “umekula?” huhama palepale. Na jioni ile wote walifungiwa nje kwa wakati mmoja, mjomba na mweka hazina wakiwemo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumsubiri mwenzake.

Atasema mwenye msimamo kwamba huo ni uvivu uliotunukiwa shahada, kwani kuwa na programu mbili kunagharimu nini? Kunagharimu. Kuna bando la WhatsApp peke yake kwa bei ya karanga, na anayeishi kwa bando hilo hawezi kukufuata ulikojificha. Mwenye kumbukumbu atataja Myspace: ilinunuliwa kwa dola milioni 580 mwaka 2005, ikauzwa kwa takriban milioni 35 mwaka 2011, na watu walihama kweli. Lakini hakuna aliyeaga. Vijana waliwafuata wenzao Facebook mmoja mmoja, kisha wakaanza kuihama Facebook yenyewe mama zao walipozoea kutoa maoni chini ya picha. Kuhama kwa kweli ni kama kutoka kwenye sherehe iliyodorora: mtu anakwenda nje kupokea simu, harudi.

Pingamizi linalonisumbua ni jingine: kama hakuna anayehama, kelele za nini? Hapa ndipo waliochekwa wanapostahili heshima yao. WhatsApp haikujua nani ataondoka na nani anatunga hotuba tu. Kampuni iliyokuwa na watumiaji bilioni 2 ikanunua kurasa nzima za magazeti nchini India kujieleza, karatasi ambayo kesho yake hufungiwa karanga. Tarehe 8 Februari ikasogezwa hadi 15 Mei. Mei ilipofika, ikasema akaunti ya asiyekubali haitafutwa. Mwisho wa mwezi ikasema hata huduma hatapunguziwa. Masharti yalibaki, sikatai, na serikali ya India nayo ilikuwa imeshaanza kuhoji, ila fimbo iliwekwa chini. Haikuwekwa chini kwa ajili ya wachache waliotulia Signal. Iliwekwa chini kwa ajili ya wengi waliobaki wakinung’unika mlangoni, mguu mmoja nje. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huohuo Watanzania walifanya vivyo hivyo bei za bando zilipopandishwa: hawakuvunja laini, walipiga kelele kwa MB zilizobaki, na bei mpya zikasitishwa upesi.

Zamu ya Musk ikafika. Oktoba 2022 aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na safari hii wahamaji walimkimbia yeye, wakielekea mtandao mwingine, Mastodon. Desemba akapiga marufuku viungo vya kuwaelekeza watu huko, kisha marufuku hiyo ikafutwa karibu mara moja. Hakuihitaji. Wakenya, ambao kwa kulalamika Twitter hawana mpinzani, walibaki wakilalamika humohumo, na jina lao la KOT (Kenyans on Twitter) wamelishikilia ingawa T imeshazikwa na mtandao wenyewe unaitwa X. Julai 2024, Rais William Ruto alipotaka kuzungumza na vijana waliopinga Mswada wa Fedha, aliwafuata kwenye X Space, akahojiwa humo. Mastodon hakwenda, kwa kuwa Mastodon hakuna wa kumhoji rais. Signal nayo bado imo kwenye simu nyingi, skrini ya tatu, jirani na dira na ile programu ya kuhesabu hatua. Mara mojamoja inalia: fundi bomba amejiunga.