Suruali Mkononi

Jana saa nne asubuhi nilivua suruali katikati ya shamba la migomba, Mto wa Mbu, mbele ya Wazungu waliofunga safari kuja Tanzania kuona simba. Mmoja aliinua kamera. Kijana anayewaongoza akawaeleza jambo kwa Kiingereza, wote wakavuta pumzi kwa mshangao, nami nikajua nimeshaingizwa kwenye ratiba.

Ni siafu. Sikuwaona, na wao hawakuniona, kwa sababu siafu mtenda kazi hana macho. Anafuata harufu iliyoachwa na mwenzake, mwenzake naye anafuata ya aliyemtangulia, na mamilioni yao wanasonga hivyo bila hata mmoja kuona wanakokwenda (nimewahi kukaa kwenye vikao vya namna hiyo). Njia yao huchimbika ikawa kijifereji, na kingoni wanasimama askari wenye vichwa vikubwa, taya juu. Ukiwakanyaga, hawana haraka. Wanapanda kwanza. Kifundo, goti, paja, kimya kimya, mpaka kila mmoja amepata pa kushika. Ndipo wanapouma, wote, kana kwamba filimbi imepulizwa. Ukimvuta mmoja, kiwiliwili kinabaki vidoleni, kichwa kinabaki pajani, taya zimefungana. Hata kufa hakumwachishi kazi.

Na wana haki ya kuwa pale. Mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro huzama kwenye miamba ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikaibuka kuwa chemchemi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ndiyo maana msitu wa Manyara ni kijani hata kiangazi, ilhali upande wa Makuyuni ni vumbi tupu. Maji hayo yanaleta mpunga na ndizi nyekundu. Penye udongo mbichi na wadudu tele, siafu atakosaje?

Bibi mwenye shamba akatokea na jembe begani.

"Shikamoo, bibi," nikasema, suruali mkononi. Adabu haivuliwi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vua na shati, wamefika mgongoni."

Akaanza kuning'oa vichwa kimoja kimoja, kwa kucha, bila huruma wala pupa. Alipofika begani akauliza kwa sauti ya chini: "Umetumwa kupima shamba?"

Hilo liliniuma kuliko siafu. Wale Wazungu walikatiza shambani mwake na hakuna aliyewauliza lolote. Inajulikana, wao wanatembea. Mimi mwenye rangi kama yake, darubini shingoni, lazima niwe mpima ardhi, dalali au mtu wa kodi. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshaniuliza kama nimepotea. Muuza duka aliniuliza namdai nani. Redioni tunasemwa kila siku kwamba Watanzania hatutembelei vivutio vyetu, tunawaachia wageni. Haya, nimetembelea. Sina gari la kukodi, sina mwongozaji, nina miguu yangu na chupa ya maji, na kila nikisimama kutazama hondohondo juu ya mkuyu, kuna mtu nyuma yangu anapiga simu.

Baadaye nyani aliniibia ndizi. Nikatumbukia mferejini pia, mguu mmoja tu.

Karibu na daraja, mgambo akanisimamisha akataka kitambulisho. Nikampa. Akakisoma mbele na nyuma.

"Unafanya nini huku?"

"Natembea tu, kaka. Naangalia ndege."

"Ndege wa nani?"

Nikakosa jibu. Akanirudishia kitambulisho, akanisindikiza hadi kituo cha basi, na hakuondoka mpaka aliponiona nimekaa kwenye kiti.