Shangazi na Jahazi la Dhahabu

Mwenye kutaka kuangalia filamu kwa utulivu asiende Ngome Kongwe. Nasema hivi kwa mapenzi. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo sote tunaliita ZIFF, lipo tangu 1998, na uwanja wake mashuhuri umo ndani ya ngome waliyoijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumfukuza Mreno. Ukuta ulikuwa wa kumzuia Mreno asirudi. Moshi wa mishikaki ya Forodhani, lakini, huruka ukuta kila jioni bila tiketi, na mimi huniondoa kitini kabla filamu haijakolea.

Paa hakuna, kwa hiyo jua ndilo linaloamua filamu ianze saa ngapi. Watu hukaa kitako kwenye ngazi za mawe wakisubiri giza, upepo wa kusi ukiwanyang'anya ratiba mikononi. Paka naye lazima apite mbele ya skrini, tena pale msiba unapofika kileleni, na hupigiwa makofi kuliko waigizaji.

Mwaka mmoja nilikwenda na shangazi yangu. Amekulia sinema za Kihindi pale Majestic, Vuga, na kwake filamu ni moja tu duniani: ndugu wanapoteana utotoni, mmoja anakuwa polisi, mwengine mwizi, na mama katikati analia mpaka wakutane. Usiku ule tulionyeshwa filamu ya Kifaransa kutoka Afrika Magharibi, yenye maandishi madogo ya Kiingereza chini. Mzee anakwenda jangwani na punda wake. Hasemi. Anakwenda tu.

"Huyo anatafuta mtoto," shangazi akatangaza.

"Shangazi, taratibu."

"Nyamaza uone."

Akatokea polisi barabarani, akamwomba mzee karatasi zake. "Sikukwambieni!" Safu nzima ikageuka kumsikiliza. Kufika nusu ya filamu, muuza maji keshakuwa mama, punda keshakuwa shahidi, na walio nyuma yetu wanamuuliza yeye kinachofuata. Katika kuwaonyesha kwa mkono kovu la mtoto lilipo, bakuli lake la urojo likaishia mgongoni kwa bwana mmoja wa mbele, mgeni aliyening'iniza kitambulisho cha tamasha shingoni, shati lake jeupe pepepe.

Nikatamani ardhi ipasuke. Bwana yule akapitisha kidole mgongoni, akakionja, akatuuliza kwa Kiingereza kinauzwa wapi. Nikamwelekeza Forodhani, akenda mbio. Aliporudi na bakuli lake, bajia zikielea, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda juu ya skrini. Akaomba aelezwe mwisho. Shangazi akamweleza mwisho wake yeye, kumbatio na machozi, mimi nikiwa mkalimani nisiye na kauli, na bwana yule akayaandika yote kwenye daftari.

Tangu hapo shangazi hakuwa na shaka kwamba yule ni jaji. Wiki nzima akaniuliza habari za Jahazi la Dhahabu, ile tuzo kubwa. Nilipomwambia kwamba filamu yetu haikuipata, hakushangaa hata kidogo.

"Itapata wapi," akasema, "na mzee kaondoka hajamtambua mwanawe?"