Sifa za Kabro Inayotema Maji

Ukitaka kujua nani bado anawajibika katikati ya jiji la Nairobi, subiri mvua ya usiku, kisha asubuhi ikanyage kabro iliyolegea, lile tofali la kutandikia njia ya miguu. Itakujibu papo hapo, kwa tope, hadi gotini. Ofisi gani ya umma ina kasi hiyo?

Tena haibagui. Wakili anayewahi kortini na msukuma mkokoteni hupata mgao mmoja, ingawa suti ya rangi ya maziwa huonyesha shukrani zaidi. Mpiga rangi viatu wa pembeni hajawahi kuilalamikia.

Na elimu yake! Isingekuwa hiyo, nani angejua kwamba kabro haishikwi na saruji bali hukaa juu ya mchanga ulioshindiliwa, ikibanwa na mawe ya ukingo? Lori la bidhaa likipanda mara kadhaa, ukingo huachia, mchanga huondoka na maji, na chini hubaki kisima kidogo. Pampu ni mguu wako.

Lakini hasa naisifu kwa msimamo: huwabeba hata walioipinga. Luthuli Avenue ilipopunguziwa magari mwaka 2019 ili wapita njia wapate nafasi, na baadaye iliyokuwa mamlaka ya huduma za jiji, Nairobi Metropolitan Services (NMS), ilipofumua kingo za Kenyatta Avenue, kila mtu alikuwa na neno. Wenye maduka walilia vumbi. Madereva waliuliza wataegesha wapi. Sisi wa miguu, ambao ndio wengi, tuliruka mitaro tukinuna, kama vile tunajengewa ili tukomolewe. Kazi ilipokwisha, wapinzani wote wakahamia juu ya kabro: mwenye duka akatoa friji nje, bodaboda akapata njia isiyo na foleni, mchuuzi akatandaza soksi huku jicho moja likimtafuta kanjo, askari wa jiji, dereva akapandisha magurudumu mawili, "dakika moja tu, bosi." Nasi tukarudi kutembea barabarani, tulikozoea kupigiwa honi.

Kuna wanaotaka zege badala yake. Hawana shukrani. Bomba likipasuka, zege huvunjwa. Kabro hung'olewa na kurudishwa. Fundi huzipanga upya, akazigonga mateke mawili badala ya kuzishindilia, akaenda zake, na ukoo wa kabro legevu ukaendelea. Ile inayozidi, maana daima huzidi moja, huzuia gurudumu la pikapu iliyoegeshwa palepale njiani.